Rubani ni mama: Kwa nini swali la watoto humfuata mwanamke hadi angani

Sauti ya mwanamke inaposikika kwenye vipaza sauti vya ndege ikiwakaribisha abiria na kutaja muda wa safari, wengi hudhani ni mhudumu anayezungumza. Ni pale anapojitambulisha kuwa yeye ndiye kapteni ambapo vichwa huinuka. Baadhi ya abiria hutabasamu, wengine hutazamana, na hakosekani wa kunong'ona kwamba leo sala ziongezwe.

Mshangao huo umepungua kadiri miaka inavyosonga. Lakini kuna swali la pili ambalo halijapungua, nalo huulizwa na jamaa, majirani na hata waajiri: je, watoto wake anamwachia nani? Baba mwenye watoto watano anaweza kurusha ndege hadi umri wa miaka 65, ambao ndio ukomo kwa marubani wa mashirika ya kimataifa, bila ya kuulizwa swali hilo hata mara moja.

Ndani ya swali hilo kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni dhana kwamba uzazi humpunguzia mwanamke uwezo wa kurusha ndege. La pili ni ukweli kwamba kazi ya urubani, jinsi ilivyopangwa, humwadhibu mzazi yeyote anayebeba mzigo wa malezi. Dhana hiyo haina msingi. Ukweli huo unao, na chanzo chake ni kalamu ya wanaopanga ratiba na kuhesabu saa.

Kiswahili chenyewe hakikumbagua mtu. Neno rubani lilitumika baharini kabla ya kupanda angani. Lilimaanisha mjuzi anayekiongoza chombo kupita penye miamba na kukiingiza bandarini salama. Halichagui jinsia. Hata hivyo, magazeti na redio huongeza "wa kike" kila mara mwanamke anapotajwa, ilhali ni nadra kusoma habari za "rubani wa kiume".

Historia nayo ina kinaya chake. Wakenya wengi wanaosomea kazi hii huanzia Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, na si wote wanaojua kuwa jina hilo ni la mwanamke. Florence Kerr Wilson, mjane wa kilowezi, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929 akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Uwanja huo ulipewa jina lake mwaka wa 1962.

Campbell Black ndiye aliyemfunza urubani Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Markham alipata leseni ya kubeba abiria na mizigo kwa malipo, akawa akisafirisha barua na kuwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Mnamo Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kuelekea magharibi huku upepo ukimpinga, akaangukia kinamasi huko Nova Scotia, Canada, baada ya zaidi ya saa 20 angani. Alikuwa na mwana aliyezaliwa mwaka wa 1929, ambaye alilelewa na nyanya yake mzaa baba nchini Uingereza. Kwa hivyo swali la "watoto anamwachia nani" ni kongwe kama urubani wenyewe katika nchi hii.

Walioweka sheria hawakuwa wapole pia. Katikati ya miaka ya 1920, tume ya kimataifa iliyosimamia safari za angani iliwazuia wanawake kubeba abiria kwa malipo, kwa hoja kwamba hedhi ingewavuruga. Lady Heath wa Ireland alipinga uamuzi huo na kujitolea kupimwa, na mwaka wa 1926 marufuku ikaondolewa. Nchini Marekani, Helen Richey aliajiriwa na shirika la Central Airlines mwaka wa 1934. Chama cha marubani kikakataa kumsajili, naye akazuiwa kurusha ndege hali ya hewa ikichafuka. Alijiuzulu mwaka uliofuata. Ilipita karibu miaka 40 kabla ya shirika jingine la abiria nchini humo, Frontier, kumwajiri Emily Howell Warner mwaka wa 1973.

Kenya Airways ilimwajiri Irene Koki Mutungi mwaka wa 1993, akiwa rubani wake wa kwanza mwanamke. Babake alikuwa rubani, hivyo chumba cha marubani hakikuwa kitu kigeni kwake. Lakini ilichukua miaka kadhaa kabla ya kupata mwenzake wa jinsia yake katika shirika hilo. Mwaka wa 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa ndege aina ya Boeing 787.

Takwimu zilizotolewa na chama cha kimataifa cha marubani wanawake mwaka wa 2018 zilionyesha kuwa wanawake walikuwa takriban asilimia 5 tu ya marubani wa mashirika ya ndege ulimwenguni. India iliongoza kwa zaidi ya asilimia 12. Kwa nini idadi ni ndogo kiasi hicho, miongo mingi baada ya milango kufunguliwa? Karo ya mafunzo, inayofikia mamilioni ya shilingi, ni sababu mojawapo, ijapokuwa huwakwaza wavulana pia. Sababu nyingine hujitokeza pale rubani anapopata mimba.

Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Angani (ICAO), rubani mja mzito huhesabiwa kuwa hafai kiafya kuendesha ndege ya abiria, isipokuwa pale daktari anapothibitisha kuwa mimba haina matatizo na kwamba itaendelea kufuatiliwa. Hata hapo, huruhusiwa kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26 pekee. Baadhi ya nchi hukaza zaidi ya hapo. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kichefuchefu na kizunguzungu, na ndiyo yenye hatari kubwa ya mimba kuharibika. Miezi ya mwisho tumbo hukaribia usukani, na uchungu wa kuzaa hauombi ruhusa. Isitoshe, kuna mionzi kutoka anga za juu ambayo huongezeka ndege inapopaa juu zaidi.

Tahadhari hizo zina maana, na hakuna rubani makini anayezipinga. Jambo ambalo wengi hawalioni ni hesabu inayofuata. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, mfanyakazi wa kike nchini Kenya ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Nazo kanuni za kimataifa hudai kwamba rubani awe amepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizotangulia kabla ya kubeba abiria. Ukijumlisha wiki alizozuiwa kuruka na likizo yenyewe, mama anaporejea muda huo huwa umepita zamani. Lazima apimwe afya upya, kisha arudi kwenye mtambo wa mazoezi unaoigiza ndege, ambako injini huzimwa kwa makusudi na moto kuzushwa ili ionekane kama mikono yake bado inakumbuka kazi.

Mtihani huo huwafaa abiria, na kila rubani huupitia mara kwa mara, awe mama au la. Wenye shaka kwamba mwanamke hurejea kutoka uzazini akiwa amesahau kazi wangetulia kama wangejua kwamba hapewi usukani kwa kuhurumiwa.

Hasara yake iko kwingine. Katika urubani, saa za kuruka ndizo utajiri. Leseni ya juu inayomwezesha mtu kuwa kapteni katika shirika la ndege huhitaji angalau saa 1,500, na mashirika mengi hudai zaidi. Katika mashirika mengi pia, orodha ya ukubwa kazini ndiyo huamua nani apande cheo, nani ahamie ndege kubwa na nani achague likizo ya Desemba. Mwanamke aliyejifungua mara mbili huweza kukaa nje ya chumba cha marubani kwa zaidi ya mwaka mzima. Waliohitimu naye siku moja huwa wamempita kwa mamia ya saa. Anapochelewa kuwa kapteni, wenye ndimi huisoma hali hiyo kama ushahidi kwamba wanawake hawana ari.

Kesi moja nchini Uingereza iliifichua hesabu hiyo hadharani. Jessica Starmer, rubani wa British Airways, aliomba kufanya kazi nusu ya muda ili amlee binti yake mchanga. Mwajiri alimpa robo tatu, akidai kuwa rubani asiyefikisha saa 2,000 hangekuwa salama akiruka kwa nusu ya muda. Mwaka wa 2005 mahakama ya masuala ya ajira iliamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa kijinsia usio wa moja kwa moja, kwani masharti ya aina hiyo huwaumiza wanawake zaidi. Rufaa ya shirika hilo ilitupwa mwaka huo huo. Hoja ya usalama ina uzito wake na haifai kupuuzwa, lakini iliposhindwa kuthibitishwa mbele ya mahakama ilibaki kuwa kisingizio.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Likizo ikiisha, ndipo ratiba inapoanza kuuma. Safari ya Nairobi hadi Kisumu au Mombasa haifiki saa moja, na rubani anaweza kulala kwake. Lakini zamu ya alfajiri humtoa nyumbani saa tisa usiku, na akiruka mara nne kwa siku hurejea akiwa hoi. Safari ya moja kwa moja hadi New York, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda tu, na rubani hulazimika kupumzika huko kabla ya kurudi. Anaporejea hupata siku kadhaa za kukaa na watoto mfululizo, jambo ambalo mama wa ofisini hulikosa. Ndiyo maana hakuna jibu moja kuhusu safari zipi zinamfaa mzazi.

Suala la kunyonyesha ni gumu zaidi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 huwataka waajiri nchini Kenya watenge mahali pa kunyonyeshea. Chumba hicho kikiwa ofisini Embakasi, hakimsaidii aliye futi 38,000 juu ya jangwa la Sahara. Nchini Marekani, marubani wanawake waliishtaki Frontier, shirika lile lile lililomwajiri Warner, wakilalamikia masharti kuhusu ujauzito na kukamua maziwa. Kesi iliyofunguliwa mwaka wa 2019 ilimalizwa kwa maelewano mwaka wa 2023, na marubani wakaruhusiwa kukamua maziwa ndani ya chumba chao wakati ambapo ndege haiko katika hatua nyeti za safari. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka wa 2022 kuhusu akina mama wanaonyonyesha kazini ilikuwa imewaacha nje wafanyakazi wa ndani ya ndege.

Nyumbani nako kuna mahakama yake. Mama anayelala Lagos au Mumbai kwa sababu ya kazi huambiwa na mama mkwe kwamba watoto wanalelewa na yaya. Mumewe husifiwa na kanisa zima kwa kuwapeleka wanawe kliniki mara moja. Sheria ya Ajira humpa baba wiki mbili za likizo, na wapo wanaume wasiozichukua kwa kuogopa kuchekwa. Huko India, sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2017 iliongeza likizo ya uzazi hadi wiki 26 kwa watoto wawili wa kwanza na kuwalazimu waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwa na mahali pa kuwatunzia watoto. Ukiongeza nyanya na mashangazi wanaoishi karibu, nafasi ya kwanza ya India katika takwimu zile si ajabu kubwa.

Kuhusu uwezo, kuna tukio la Aprili 17, 2018. Injini ya kushoto ya ndege ya Southwest iliyotoka New York kuelekea Dallas ilipasuka angani. Kipande kilivunja dirisha, hewa ikafyonzwa nje, na abiria mmoja, mwanamke, akapoteza maisha. Walikuwemo watu 149. Kapteni Tammie Jo Shults, rubani wa zamani wa jeshi la majini na mama wa watoto wawili, aliishusha ndege hiyo mjini Philadelphia akisaidiana na msaidizi wake, Darren Ellisor. Sauti yake iliyonaswa kwenye redio ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeagiza chai.

Baadaye Shults alieleza kwamba hakupangiwa safari hiyo. Mumewe pia alikuwa rubani wa Southwest, na wawili hao walikuwa wamebadilishana zamu ili mama apate nafasi ya kwenda kumtazama mwanawe akishindana katika riadha.