Jina la Cao na Nasaba Zake

Cao ni jina la ukoo la Kichina lililozaliwa na jina la nchi. Katika karne ya 11 KK, baada ya watu wa Zhou kuiangusha dola ya Shang, mfalme Wu aliwagawia ardhi ndugu zake na washirika wake wa vita. Mdogo wake, Zhenduo, alipewa Cao, karibu na Dingtao ya leo, magharibi mwa mkoa wa Shandong. Dola hiyo ndogo ilibanwa na majirani wenye nguvu kuliko yenyewe, ikajikokota hadi mwaka 487 KK ilipomezwa na jirani yake Song. Jamaa wa watawala wake wakatawanyika, na kama wengi waliopoteza nchi katika zama hizo, wakaondoka na jina la nchi wakalifanya lao.

Zama hizo Mchina wa tabaka la juu alikuwa na majina mawili. La kwanza, xing, lilionyesha asili yake ya mbali na ndilo lililoangaliwa katika ndoa, kwa sababu watu wa xing moja hawakuruhusiwa kuoana. La pili, shi, lilikuwa la tawi: cheo, mtaa au nchi aliyotawala babu. Wakuu wa Cao walikuwa na xing ya Ji, sawa na wafalme wa Zhou. Tofauti hiyo ilikufa katika enzi za Qin na Han, na tangu hapo kila mtu akabaki na jina moja analolirithi kwa baba.

Kama historia ingeishia Dingtao, kazi ya wanasayansi wanaochunguza nasaba za Cao ingekuwa rahisi. Lakini maandishi ya kale yanataja xing nyingine ya Cao, ya kizazi cha Zhurong, ambayo watu wake walitawala nchi ndogo ya Zhu, huko huko Shandong, bila undugu wowote na nyumba ya Zhou. Chimbuko la tatu liko mbali zaidi. Kati ya karne ya 5 na ya 8 BK, wafanyabiashara wa Sogdiana, katika Asia ya Kati, walihamia China kwa wingi, na humo wakapewa majina ya ukoo kufuata miji yao: wa Samarkand wakawa Kang, wa Bukhara wakawa An, na wa mji mmoja jirani na Samarkand wakawa Cao. Cao Zhongda, mchoraji aliyesifika katika enzi ya Qi ya Kaskazini katika karne ya 6, alikuwa wa kundi hilo. Familia ya Cao iliyotawala Dunhuang kuanzia mwaka 914, kwenye njia ya misafara ya hariri, ilijinasibu na Wachina wa kale. Wanahistoria wengine wanaiona kuwa ya Wasogdiana, na mjadala haujaisha.

Katika kijitabu cha *Baijiaxing*, orodha ya majina ya koo ambayo watoto wa Kichina walikariri shuleni tangu enzi ya Song, Cao ni jina la 26, likifuata mara moja baada ya Kong, jina la Konfusio. Leo watu wenye jina hilo ni mamilioni, nalo limo katika majina 50 yanayobebwa na watu wengi zaidi China.

Mbali na machimbuko hayo, mtu aliweza kuingia katika jina bila kuzaliwa nalo. Kaizari alimtunuku jina lake askari aliyemtumikia vizuri. Mkwe aliyehamia kwa wazazi wa mke aliweza kuwapa watoto wake jina la babu yao mzaa mama. Asiye na mtoto wa kiume alimpanga mtoto ili tambiko la mababu lisikatike. Sheria ilitaka mtoto huyo atoke katika ukoo ule ule, lakini sheria na maisha havikwenda pamoja kila mara. Mfano ulio wazi ni wa Cao Zhen, jemadari wa dola ya Wei katika karne ya 3. Habari moja ya zama zake inasema kwamba kwa kuzaliwa alikuwa wa ukoo wa Qin. Baba yake aliuawa kwa ajili ya Cao Cao, naye Cao Cao akamchukua yatima huyo, akamlea na wanawe na kumpa jina lake. Ikiwa habari hiyo ni kweli, wajukuu wote wa kiume wa Cao Zhen ni Cao kwa jina na Qin kwa damu, na hakuna kitabu cha nasaba kitakachowatenga na wengine.

Cao Cao mwenyewe, aliyeishi kati ya mwaka 155 na 220, ndiye Cao anayejulikana kuliko wote, na asili yake ni kitendawili cha aina hiyo hiyo. Alizaliwa Qiao, mji unaoitwa leo Bozhou katika mkoa wa Anhui. Aliitawala China ya kaskazini kwa mkono wa kaizari dhaifu wa Han, na hakuvaa taji hadi alipokufa. Mwanawe Cao Pi ndiye aliyeanzisha dola ya Wei na kumpa baba yake cheo cha kaizari baada ya kifo. Babu wa Cao Cao, Cao Teng, alikuwa towashi wa ikulu. Kuanzia mwaka 135 matowashi waliruhusiwa kurithisha vyeo vyao kwa watoto wa kupanga, na Cao Teng akampanga Cao Song, ambaye ndiye baba wa Cao Cao.

Cao Song alitoka wapi? Chen Shou, aliyeandika historia ya zama za Dola Tatu katika karne hiyo ya 3, alikiri kwamba asili yake haikuweza kubainishwa, ingawa huyo huyo aliandika kwamba Cao Cao ni mzawa wa Cao Shen, waziri mkuu wa mwanzoni mwa enzi ya Han. Maadui walikuwa na maneno yao. Mwaka 200, Chen Lin aliandika tangazo la vita kwa niaba ya Yuan Shao, akamtukana Cao Cao kuwa ni mbegu ya towashi, na baba yake kuwa ni mtoto wa kuokota. Andiko lililotoka dola ya Wu, iliyopigana na Wei, lilidai kwamba Cao Song alizaliwa katika ukoo wa Xiahou. Dai hili lilidumu, na lilikuwa na mashiko kidogo, kwa sababu majemadari wa Xiahou walikuwa watu wa karibu mno na Cao Cao. Wapinzani wa dai hilo walionyesha kwamba Cao Cao alimwoza binti yake kwa Xiahou Mao; kama koo hizo zingekuwa damu moja kwa upande wa kiume, ndoa hiyo ingekuwa mwiko. Hoja ni nzuri, ila watawala wamevunja miiko mingi kuliko huo.

Hapa ndipo jenetiki inapoingia. Mwanamume hurithi kromosomu Y kwa baba yake, karibu yote ikiwa kama ilivyo, na jina la ukoo la Kichina hufuata njia hiyo hiyo. Katika kunakiliwa, kromosomu hiyo hupata mabadiliko madogo mara chache, na badiliko likishatokea huendelea kwa wana na wajukuu wote wa kiume. Wanaume wanaoshiriki badiliko moja huwekwa katika kundi liitwalo haplogrupu, ambalo lina baba mmoja wa mbali.

Tatizo ni umbali wa baba huyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya wanaume wa Kichina wametokana na wanaume watatu walioishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kilimo kilipokuwa kikisambaa. Watatu hao waliishi kabla ya kuwapo jina lolote la ukoo. Watu wawili wa Cao wakikutwa katika mojawapo ya makundi hayo makubwa, hilo halithibitishi undugu wa kiukoo, kwa kuwa hata Wang na Li wamo humo. Ushahidi wenye uzito hutoka katika tawi adimu, au tawi dogo lililochipuka karibu na zama zinazochunguzwa.

Mwishoni mwa mwaka 2009 wanaakiolojia walitangaza kwamba kaburi lililochimbwa katika kijiji cha Xigaoxue, Anyang, mkoa wa Henan, ni la Cao Cao. Wezi walikuwa wameshaliingia mara kadhaa, lakini humo vilibaki vibao vya mawe vyenye cheo chake na fuvu la mwanamume wa miaka kama 60. Wengine walikataa kuamini. Katika Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, mwanahistoria Han Sheng na mwanajenetiki Li Hui waliamua kupita njia nyingine: badala ya kuanza na mifupa, wakaanza na watu walio hai.

Walitafuta koo za Cao zinazodai kutokana na Cao Cao. Koo hizo hutunza vitabu vya nasaba, jiapu, vinavyoorodhesha wanaume kizazi baada ya kizazi. Vilivyotumika katika utafiti huu vilihesabu kati ya vizazi 70 na 100. Vitabu vya namna hiyo huandikwa upya kila baada ya miongo kadhaa, na kila mwandishi mpya hupata nafasi ya kumtia babu mashuhuri. Hivyo kitabu peke yake hakikutosha. Kilichotafutwa ni haplogrupu iliyo nyingi kwa wanaodai uzawa huo kuliko kwa watu wengine wa Cao na wa majina mengine.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Haplogrupu moja tu, iliyoitwa wakati huo O2-M268, ndiyo iliyojitokeza kwa kiwango kisichoweza kuelezwa kwa bahati: uwezekano wa bahati ulikuwa chini ya moja kwa 10,000. Wenye kudai hawakuwa nayo wote, bali baadhi, kama inavyotarajiwa pale ukweli na kujinasibu vinapochanganyika kwa karne 18. Uchambuzi huo huo uliuhusisha ukoo wa kale wa waziri Cao Shen na haplogrupu tofauti, O3-002611, iliyo moja ya yale makundi makubwa ya Wachina. Kwa hiyo kisa kwamba Cao Cao ni mzawa wa waziri wa Han kilionekana kuwa cha kujitukuza, jambo la kawaida kwa familia iliyopanda cheo kwa mgongo wa towashi. (Herufi hizi zimebadilishwa baadaye: O2-M268 sasa huitwa O1b, na O3 imekuwa O2. Msomaji wa maandishi ya zamani na mapya asipokuwa mwangalifu ataona watu wameruka kutoka ukoo mmoja hadi mwingine.)

Ushahidi wa pili, uliochapishwa mwaka 2013, ulitoka ardhini, katika makaburi ya familia huko Bozhou. Kaburi namba 1 la Yuanbaokeng linahusishwa na Cao Ding, ndugu wa towashi Cao Teng. Jino lililopatikana humo lilitoa vinasaba vya kutosha, na vikaonyesha tawi O2-F1462, lililo ndani ya M268 na adimu miongoni mwa Wachina. Wazawa walio hai waliobainishwa mwaka uliotangulia walikuwa na tawi hilo hilo.

Uzito wa jino hilo uko katika nasaba yenyewe. Cao Cao hakuwa na uhusiano wa damu na Cao Ding ila kupitia Cao Song. Kama Cao Song angekuwa mtoto wa Xiahou au wa kuokotwa njiani, kromosomu ya wazawa wa Cao Cao isingefanana na ya Cao Ding. Kwa kuwa zinafanana, maelezo yaliyo rahisi kuliko yote ni kwamba towashi alipanga mtoto wa ndani ya ukoo wake, pengine wa ndugu yake. Mnyororo huu bado una pete zinazotegemea akiolojia: umiliki wa kaburi la Bozhou umetokana na maandishi na mazingira yake. Isitoshe, wazawa wa Cao Ding mwenyewe, kama wapo, wangeonyesha tawi lile lile bila kuwa na tone la damu ya Cao Cao, na kromosomu Y peke yake haiwezi kuwatenga. Kinachowatenga ni vitabu vya nasaba, vile vile ambavyo utafiti ulianza kwa kuvitilia shaka.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi ilivyo ajabu kwamba kitu kilipatikana. Ikiwa katika kila kizazi uwezekano wa jina kuachana na damu, kwa kupanga mtoto, kwa uzinzi au kwa kubadili jina, ni asilimia 1 tu, baada ya vizazi 70 nusu ya mistari itakuwa imekatika. Ikiwa ni asilimia 2, inabaki robo. Mstari wa Cao Cao ulisaidiwa na wingi: kumbukumbu zinamtajia wana 25. Ulisaidiwa pia na siasa, kwani ukoo wa Sima ulipoinyakua Wei mwanzoni mwa mwaka 266 haukuwaangamiza waliopinduliwa. Kaizari wa mwisho alipewa cheo cha mwana wa mfalme wa Chenliu, na cheo hicho kikarithiwa hadi kilipofutwa mwaka 479.

Hata hivyo, mstari huo ni mmoja kati ya mingi. Kurudi nyuma vizazi 10 tu kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na jina la ukoo linafuata moja. Cao wa leo mwenye F1462 amebaki na kromosomu moja iliyopitia kwa Cao Cao, huku sehemu kubwa ya vinasaba vyake vingine ikitoka kwa wake walioolewa katika ukoo huo kutoka koo nyingine, ambao vitabu vya nasaba kwa kawaida viliwataja kwa jina la ukoo wa baba zao tu. Mama wa Cao Pi, mwimbaji kabla ya kuolewa na baadaye malkia mama wa Wei, ameandikwa katika historia kama Bibi Bian, na jina lake la kuzaliwa halikuhifadhiwa.