Amana za Nyumba Zisikae Chini ya Dari Moja

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani Tukufu, yatufunza kuliandika deni na kulishuhudisha. Lakini maandishi nayo yahitaji mlinzi. Sayyidna Uthman (r.a.), alipotaka kuwaunganisha Waislamu katika usomaji mmoja, alipeleka misahafu katika miji mbalimbali, wala hakuiweka yote Madina. Twaona katika tendo hilo funzo lingine kwa nyumba zetu: kitu cha thamani hakiwekwi mahali pamoja tu.

Basi na tujiulize, ndugu wasomaji, amana zetu ziko wapi hivi leo? Picha ya hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, orodha ya wanaotudai, na sauti ya babu akisoma Qur'ani, vyote vimo ndani ya simu moja. Simu ikiibwa, vimekwenda. Watu wa Mbeya hawahitaji kuhadithiwa khabari za hasara ya ghafla, kwani soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na soko la SIDO likaungua mwaka 2017. Moto hauchagui kati ya bidhaa na daftari.

Dawa mojawapo ni seva ya nyumbani. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe si kubwa. Ni kompyuta ndogo, au hata ya zamani iliyoachwa kabatini, iliyotiwa diski kubwa na kuunganishwa na ruta ya nyumba, ikawa yawaka usiku na mchana. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi hula umeme wa wati chache tu, kama taa moja. Huwekwa programu za bure: Jellyfin kwa kusikiliza na kutazama, na restic kwa kutunza nakala. Hapo mama husikiliza darsa jikoni, na watoto hutazama masomo sebuleni, pasipo kifurushi cha intaneti kuliwa. Nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, na intaneti ya Tanzania ikazorota, yaliyomo katika seva ya nyumba hayakuhitaji kupita huko. Tena wazazi ndio huchagua kinachoingia humo.

Lakini twaonya: seva iliyo peke yake si akiba. Radi za masika ya Nyanda za Juu hazibishi hodi, na mwizi huchukua kompyuta pamoja na diski yake. Kwa hivyo jamaa wawili wafanye shirika, mmoja Mbeya na mwingine Iringa, zaidi ya kilomita 300 kati yao, kila mmoja amtunzie mwenziwe nakala. Nakala ya kwanza isipelekwe kwa intaneti. Gigabaiti 100, kwa mwendo wa megabiti 5 kila sekunde, huchukua kiasi cha saa 44, na gharama yake si ndogo. Na ijazwe diski nyumbani, kisha msafiri aichukue mkononi. Baada ya hapo huvuka usiku yale mapya tu.

Mitandao mingi ya simu haiipi nyumba anwani yake yenyewe, basi programu kama Tailscale hufungua njia ya faragha kati ya nyumba hizo mbili, bila ya kuuacha mlango wazi kwa ulimwengu. Wala asidanganyike mtu kwa diski mbili zinazoigana: kilichofutwa katika moja hufutika katika ya pili papo hapo. Akiba ya kweli huhifadhi na hali ya jana na ya mwezi uliopita. Na kila mwezi ifunguliwe nakala moja ionekane kwamba yasomeka.

Limebaki lililo kubwa kuliko yote. Aliyepewa amana hapekui. Restic huyafunga maandishi kwa siri, hata ndugu wa Iringa akawa ametunza asichoweza kukisoma, na hivyo heshima ya nyumba zote mbili husalimika. Lakini kufuli lisilo na ufunguo ni khatari nyingine. Baba akifa na neno la siri kifuani mwake, watoto watajuaje aliyokuwa akidaiwa? Nasi twajua kwamba deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Neno hilo na liandikwe, litiwe katika bahasha pamoja na wasia, na mtu mwaminifu ajulishwe mahali lilipo.

Twawanasihi vijana wetu wenye ujuzi huo wawafanyie wazee wao kazi hii kabla ya masika kuingia. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzitunza amana na kuzirudisha kwa wenyewe. Amin.