Ubuyu wa moto kwenye friza

Kayanga si mji wa joto. Hata hivyo, watoto wanapotoka shule mchana, barafu za ubuyu za vifuko hazikai kwenye friza za Kayanga na Omurushaka, na upande wa Kyerwa, kuanzia Nkwenda hadi Murongo mpakani, watoto ni walewale. Ubuyu wenyewe umetoka mbali, Dodoma huko, maana kwenye nchi hii ya migomba na mibuni mbuyu ni wa kuhadithiwa. Hilo peke yake lilistahili makala.

Lakini kilichonikaa kichwani ni sufuria. Mama mmoja mtengenezaji aliujaza ubuyu kwenye vifuko ukiwa bado una uvuguvugu, akafunga fundo, akatia kwenye friza. Nilipouliza kwa nini hangoji upoe, alishangaa swali: wa moto ndio unaowahi kuganda, na umeme wa kuaminiwa uko wapi? Mkoa huu wa Kagera kwa miaka mingi umekunywa umeme wa Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka, kwa hiyo kuwahi ni mtaji.

Nikamkumbuka Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji ya shule. Nafasi zilikuwa za kugombea. Siku hiyo, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe, Mpemba alikuwa anachemsha maziwa aliyonunua kwa akina mama wa pale, mwenzake akatokea na yake. Kuona Mpemba keshatangulia, mwenzake akachanganya sukari na maziwa mabichi, akamimina na kuyawahisha ndani. Ilibaki trei moja. Mpemba akapiga hesabu ya haraka, akaona bora friji iharibike kuliko kukosa nafasi. Akayaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake ilikuwa imeganda kuwa aiskrimu. Ya mwenzake ilikuwa uji tu.

Mwalimu wa fizikia alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine aliipachika hoja yake jina: fizikia ya Mpemba, si ile ya dunia nzima. Darasa likacheka na kuishika kauli hiyo. Alipokuja Dkt. Denis Osborne kutoka chuo cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, kijana akasimama tena na swali lake mbele ya wenzake wanaomwonea aibu. Osborne naye alitabasamu, ila alirudi chuoni akapima. Fundi wa maabara alileta taarifa kwamba ya moto imeganda kwanza, akaahidi kuendelea kujaribu mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha, na jina la Mpemba likaingia vitabuni.

Ninachokipenda katika simulizi yake ni kipande kinachorukwa mara nyingi. Likizo ya mwaka ule wa 1963 alikutana na rafiki anayeuza aiskrimu Tanga mjini, akamweleza. Rafiki hakushtuka: yeye huweka ya moto ili iwahi. Wauzaji wengine wa Tanga nao hivyohivyo. Yaani biashara ilikuwa inajua kabla ya maabara.

Au ilidhani inajua. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya wasiione tofauti ya maana. Wengine hutaja mvuke unaopunguza maji, au chombo cha moto kinachoyeyusha utando wa barafu chini yake kikakaa moja kwa moja kwenye chuma baridi. Friza ya dukani, inayofunguliwa kila mtoto akija na sarafu, ina utando wa kutosha. Je, hilo linatosha kumpa haki mama wa Kayanga?

Yeye anasema alifundishwa na dada aliyewahi kumfanyia kazi Bukoba. Huyo dada aliipata wapi mbinu hiyo, hakumuuliza.