El Alto, Uwanja wa Ndege Wenye Hewa Nyepesi

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa El Alto unahudumia La Paz, makao ya serikali ya Bolivia, ingawa kikatiba mji mkuu wa nchi hiyo ni Sucre. Uko mita 4,061 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho huhesabiwa kuwa uwanja wa kimataifa ulio juu kuliko yote duniani. China ina viwanja vilivyo juu zaidi, kama Daocheng Yading wenye mita 4,411, lakini hivyo ni vya safari za ndani.

La Paz imejibanza ndani ya bonde lenye kuta kali, na humo hapakupatikana tambarare ya kutosha ndege kutua. Uwanja ukajengwa juu ya ukingo wa bonde, kwenye nyanda za Altiplano. Mji wa El Alto umekua ukiuzunguka, na leo una watu zaidi ya 800,000, wengi wao Waaymara.

Karibu kila jambo la uwanja huu linaamuliwa na hewa. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya theluthi moja. Mabawa hubebwa na hewa inayopita juu na chini yake. Ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kwenda kasi zaidi ili ielee. Kwa hiyo ndege inayotua El Alto hugusa ardhi ikiwa na mwendo unaozidi ule wa pwani kwa karibu robo, japo kipimo cha mwendo mbele ya rubani husoma kama kawaida. Robo hiyo si ndogo: breki hupaswa kumeza nishati iliyoongezeka kwa zaidi ya nusu, na matairi nayo yana kikomo chake cha kasi. Wakati wa kupaa shida huongezeka, maana injini nazo hukosa hewa ya kutosha na nguvu zake hupungua. Ndiyo maana njia ya kurukia ina urefu wa mita 4,000.

Hata urefu huo hautoshi kwa kila safari. Ndege iendayo mbali haiwezi kuondoka ikiwa imejaza abiria, mizigo na mafuta kwa pamoja. Mara nyingi dawa yake ni kuondoka na mafuta machache, kisha kushuka Santa Cruz de la Sierra kuongeza.

Ndani ya ndege kuna kioja kingine. Angani, hewa ya chumba cha abiria hutunzwa kama ya kimo kisichozidi mita 2,400 hivi. Ndege inapokaribia El Alto, hewa hiyo haina budi kupunguzwa hadi ilingane na ya nje, kwa sababu milango haiwezi kufunguliwa salama kabla ya hapo. Basi ndege inashuka, lakini masikio ya abiria yanahisi kama inapanda, na pakiti ya krispi iliyofungwa pwani inavimba mkononi. Ndege nyingi zimetengenezwa kutoa tahadhari hewa ya ndani ikifikia kimo cha mita 3,000 hivi. Zile zinazotua huku hurekebishwa ili zisipige kengele bila sababu.

Mgeni akishuka huanza kuhema kwa kubeba begi tu. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za maradhi ya mwinuko, ambayo wenyeji huyaita soroche na kuyatuliza kwa chai ya majani ya koka. Papa Francis alipotua hapa Julai 2015, alikaa La Paz kwa saa chache tu kwa sababu ya mwinuko huo, kisha akaelekea Santa Cruz.

Milima nayo hudai umakini. Tarehe 1 Januari 1985, Boeing 727 ya Eastern Air Lines iliyokuwa ikitoka Asunción ililigonga jabali la Illimani ikijiandaa kutua, na watu wote 29 waliokuwemo wakafa. Mabaki yake yalizikwa na theluji kwa miaka mingi.

Ugumu wa kimo hiki nao huwavuta watengenezaji wa ndege: Airbus ilileta A350 Bolivia mwaka 2014 kuijaribu kwenye hewa nyepesi kabla ya kuanza kubeba abiria. Kwa safari za mabara mengine, hata hivyo, lango kuu la Bolivia ni uwanja wa Viru Viru, Santa Cruz, ulio kwenye kimo kisichofika mita 400, ambako ndege kubwa hupaa na mzigo wake wote.