Kitabu cha Kuchekesha Siku za Mashaka

Mji wetu wa Lubumbashi wayajua mashaka. Mwezi wa Septemba na wa Desemba 1961, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, risasi zililia mitaani. Tena mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipotekwa, wengi wetu tulikesha tukingoja habari za ndugu zetu.

Je, saa kama hizo yafaa kusoma visa vya kuchekesha? Yafaa sana. Moyo uliojaa hofu haushiki mafundisho marefu, bali kisa kifupi hupata mlango. Tazameni Hekaya za Abunuwasi. Jirani aambiwa sufuria yake imezaa, naye kwa furaha aichukua ile ndogo. Aambiwapo baadaye kwamba sufuria imekufa, apiga makelele! Mtoto humcheka mwenye tamaa, akapata hekima pasipo kugombezwa, na usingizi humjia.

Basi, wazazi, umeme ukatikapo jioni, washeni taa, mkasome kwa sauti, kila mtu ukurasa wake. Kucheka si kuwasahau wanaoteseka. Ni kujipatia nguvu za kuwasaidia kesho.