Moto wa Kuota Nyumbani

Mji wetu wa Bukavu uko juu, mita 1,500 hivi, na usiku wa mvua upepo wa ziwa hupenya katikati ya mbao za nyumba hapa Nyalukemba. Mama mwenye mtoto mchanga hutafuta joto, wala hakosi. Lakini moto wote si sawa.

Umeme wa Ruzizi hautoi moshi wala hewa mbaya. Ukiwapo, na nyaya zikiwa nzima, ndio bora. Taabu yake ni kukatika. Petroli ya taa yanuka, na mtoto huinywa akiikuta katika chupa ya limonadi. Kuni zina moshi unaoumiza macho na kuwaletea watoto ugonjwa wa mapafu, ila moshi huo angalau hutufukuza nje.

Makala ndiyo niyaogopayo zaidi, kwa kuwa hayamfukuzi mtu. Yakiisha kuwa mekundu hayana moshi, nasi twasema moto umekuwa safi. Basi watu huingiza mbabula chumbani, hufunga mlango, hulala. Kumbe makala hayo mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Hiyo huishika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, hata mtu avuta pumzi na mwili usipate kitu. Mtoto aliye tumboni huumia pamoja na mamaye. Sufuria ya maji juu ya mbabula haiondoi sumu hiyo, ingawa wengi huitumaini.

Someni Luka 22: moto aliouota Petro uliwashwa katikati ya ua. Nanyi washeni makala nje. Chemsheni maji, yatieni katika chupa, ifungeni kwa kitambaa, iwekeni miguuni pa mtu mzima. Mtoto mchanga alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani.

Watu wa nyumba moja wakiamka wote na kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika, kisha wakapata nafuu huko nje, msimtafute mlozi. Mwenye kuzimia, fungueni mlango kwanza, mtoeni nje, mleteni hospitali apewe oksijeni. Msimnyweshe maziwa; aliyezimia hawezi kumeza, nayo yataingia mapafuni. Mkifika, semeni mara moja kwamba mlilala na mbabula, maana kwa kutazama tu hali hiyo yafanana na malaria, na mwuguzi ataanza kumpima homa.