Tenda za Serikali: Cheti Chenu Msikiazime



Mwezi wa Julai 2016, nyumba 822 zilikabidhiwa wakazi wa Soweto East, Zone A, chini ya mpango wa KENSUP wa kuboresha vijiji vya mabanda. Mwaka wa 2022 ukazinduliwa ujenzi wa Zone B. Miaka hiyo malori ya saruji na nondo yalipita mbele ya vibanda vyetu, na faida ambayo wengi wetu tuliiona ni kuwauzia mafundi chai na chapati. Ndiyo maana katika mikutano ya vikundi, hapa Kibera na hata Kawangware, tumeulizwa mara nyingi: Je, kikundi cha mtaani kinaweza kuiuzia Serikali kitu?

Jibu ni ndiyo. Lakini kuna shimo moja ambalo vikundi vingi vinaweza kutumbukia, na tutalieleza hapa chini.

Sheria inasema nini?

Mwaka wa 2013 Serikali ilianzisha mpango unaoitwa AGPO. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 ikautia nguvu: kila wizara, kaunti, shule au hospitali ya umma itenge angalau asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tena kaunti inatakiwa kutenga asilimia 20 kwa wakazi wake. Kwa hiyo msiende kuomba msaada. Mnaenda kufanya biashara ambayo sheria imewawekea nafasi.

Hatua za kufuata

1. Sajilini kikundi au biashara. Kwa sheria ya vikundi ya 2022, kikundi kinahitaji watu wasiopungua 10. Ili kuingia AGPO, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe vijana (miaka 18 hadi 35), wanawake au walemavu, na viongozi wote watoke kwa hao.

2. Tafuteni PIN ya KRA ya kikundi na cheti cha kuonyesha hamna deni la kodi. Hata kama hamjapata faida, pelekeni ripoti ya kodi kila mwaka. Wengi hukwama hapa.

3. Fungueni akaunti ya benki. Saini ya lazima iwe ya mwanamke, kijana au mlemavu, kulingana na kundi mliloandikishwa.

4. Ombeni cheti cha AGPO kwa kompyuta. Mkishindwa, nendeni Huduma Centre mkaulize. Cheti hakilipiwi, na hudumu miaka 2. Anayewaitisha pesa za cheti anawaibia.

5. Tafuteni tenda zenyewe. Cheti hakileti kazi nyumbani! Someni matangazo katika gazeti la MyGov na katika tovuti ya Serikali ya tenders.go.ke. Mwaka wa Serikali huanza Julai 1, basi mulikeni sana matangazo ya kuandikisha wauzaji. Anzeni na majirani: shule za msingi za umma, hospitali ya Mbagathi, ofisi ya CDF. Tangu 2025 Serikali imekuwa ikihamishia zabuni kwenye kompyuta, kwa hiyo kila kikundi kiwe na kijana mmoja wa kuangalia kila wiki.

Wenye cheti cha AGPO hawadaiwi dhamana ya benki wakati wa kuomba zile tenda walizotengewa. Hujaza fomu ya ahadi tu.

Pigeni hesabu kabla ya kutaja bei

Tuseme hospitali inataka shuka 200. Kitambaa ni shilingi 600 kwa kila shuka, jumla 120,000. Kushona 10,000, usafiri 3,000. Gharama yote ni 133,000. Mkiuza shuka moja kwa 800 mtapata 160,000, yaani faida 27,000 kabla ya kodi. Vizuri!

Lakini zile 120,000 mmekopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, yaani shilingi 2,400. Mkilipwa baada ya miezi 3, riba ni 7,200. Mkingoja miezi 10, riba ni 24,000, na mnabaki na 3,000 peke yake. Mkingoja mwaka mzima, mna hasara. Na kila mtu anajua Serikali huweza kuchelewa kulipa. Msitie akiba yote ya kikundi katika tenda moja. Mkishapata LPO, ile hati ya kuagiza mali, ulizeni mikopo ya LPO katika mfuko wa wanawake au wa vijana kabla ya kukimbilia wakopeshaji wa mtaani. Na andikeni kila shilingi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Shimo lenyewe

Kikundi kimoja cha kina mama tunachokifahamu kilitembelewa na mfanyabiashara mwenye gari zuri. Akasema, "Mama zangu, nipeni cheti tu, kazi nitafanya mimi." Wakapewa shilingi 10,000, wakagawana. Pesa za tenda zilipita kwenye akaunti yao na kutoka siku iyo hiyo. Mwaka uliofuata wakaambiwa wana kodi ya kulipa kwa mapato ambayo hawakuyala. Cheti cha kodi wakakosa, na walipopata nafasi yao wenyewe ya kushona sare, hawakuweza kuomba. Yule bwana hakushika simu tena.

Cheti kile ni jina lenu. Kikundi kinachopatikana na udanganyifu kinaweza kufungiwa nje ya tenda kwa muda usiopungua miaka 3. Na ile asilimia 30 ambayo ingefika kwenye sufuria za Soweto inarudi kwa wale wale wakubwa.

Vilevile msitoe kitu kidogo ili mpewe tenda. Mkiona mmeonewa, mna siku 14 za kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa ya ununuzi. Kuna ada, basi shaurianeni kwanza.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni kitu gani tunachokijua kukitengeneza vizuri, na ni ofisi gani ya karibu inayokinunua?
2. Tukicheleweshewa malipo miezi 6, watoto wetu watakula nini?
3. Mtu akija kuazima cheti chetu, tutamjibu nini? Kubalianeni leo, mwandike katika kumbukumbu za mkutano, kabla hajabisha hodi.